Kuvunja si Kumega: Neno Moja, Maana Nyingi

Kiingereza kina neno moja, «break», linalotumika kwa chungu, kamba, ahadi, mfungo na mkate. Kiswahili hugawa kazi hiyo: chungu huvunjika, kamba hukatika, ukuta hupasuka. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilitufundisha tofauti hizo hapa Kagera. Nyumba iliyopasuka ilizibwa nyufa. Iliyobomoka ilihitaji kujengwa upya.

Tofauti hizo zina uzito katika imani pia. Anayevunja mfungo ameukiuka. Anayefungua ameumaliza kwa wakati wake. Vilevile, mara nyingi husikika, Bukoba hata Muleba, kwamba Kanisa «limevunja ndoa» ya fulani. Sivyo. Ndoa halali ya wabatizwa, iliyokwisha kukamilishwa, haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu, ila kwa kifo (Kanuni 1141). Mahakama ya Kanisa inapotamka ubatili, haivunji kifungo. Inathibitisha kwamba kifungo hakikuwapo tangu mwanzo. Asiyejua hilo huweza kukata tamaa bure, au kudai lisilowezekana.

Moyo nao una hali mbili. Katika mazungumzo ya kila siku, kuvunjika moyo ni kupoteza matumaini. Lakini moyo uliovunjika unaotajwa katika Zaburi ya 51 ni moyo wa toba, na Mungu haudharau. Wa kwanza humkimbia Mungu. Wa pili humrudia.

Kwa mkate, Kiswahili kina neno lake: kumega. Kuvunja huweza kuishia katika hasara. Kumega hulenga kugawana. Wazee wa Buhaya walilifahamu jambo hilo walipofunga udugu wa damu, omukago: buni mbili za tunda moja la kahawa ziligawanywa, na wawili wakawa ndugu. Mfano huo ni mdogo mbele ya Ekaristi, lakini hutusaidia kuelewa. Wanafunzi wa Emau walimtambua Bwana katika kuumega mkate (Lk 24:35). Padre anapoimega Hostia wakati wa «Mwanakondoo wa Mungu», maumbo ya mkate ndiyo yanayogawanyika. Kristo hagawanyiki, bali yumo mzima katika kila kipande.

Basi, tunaoshiriki mkate mmoja uliomegwa tujiulize: nani jirani yetu amevunjika moyo, nasi tumemmegea nini?