Umri, Ndoa na Mkunga wa Delta

Katika fomu za watumishi wa umma mna nafasi tatu zinazojazwa upesi kuliko nyingine zote: umri, jinsia na hali ya ndoa. Ofisini, majibu yake huishia katika jalada. Huko Salale, Msala, Maparoni na Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, majibu hayo hayo huamua kama zahanati itakuwa na mtu mwezi ujao.

Muuguzi anayepelekwa huko aghalabu ni kijana aliyetoka kidato cha nne, akasoma stashahada kwa miaka 3. Akiwa msichana asiyeolewa, huhesabiwa kuwa mwepesi wa kupelekwa popote, kana kwamba asiye na mume hana wazazi wala wadogo wanaomtegemea. Akifika, wazee humtazama wakauliza: binti asiyezaa atatuzalishia wake zetu? Swali hilo hatulicheki, maana katika mila zetu ukunga ulikuwa kazi ya mabibi. Lakini ukunga wa leo ni elimu, na usiku mmoja wa uzazi mgumu huweza kumfanya binti huyo aitwe mama na wale wale waliomtilia shaka. Mkunga mwanamume naye hukuta mlango umefungwa zaidi. Wapo waume ambao hawatasikia habari yake.

Kisha huja ndoa. Mume yuko Kibiti mjini, Ikwiriri au Dar es Salaam, naye muuguzi huomba kumfuata. Ombi hilo hatuwezi kulilaumu. Au hupata ujauzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Haki hiyo isiguswe. Tunalouliza ni hili: penye mkunga mmoja tu, siku hizo 84 zinashikwa na nani? Mja mzito akishikwa na uchungu maji yakiwa yamekupwa, mtumbwi hukwama katika matope ya mikoko, na Nyamisati huwa mbali kuliko ionekanavyo katika ramani. Ndugu zetu wa Mafia, wanaopandia boti hapo, hawahitaji kuelezwa.

Takwimu za taifa zinatia moyo: vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Lakini wastani wa taifa haupandi mtumbwi.

Tunawaomba wahusika wapange wakunga wawili kila kituo cha visiwani, na pale mwalimu na muuguzi walipooana, wapelekwe pamoja. Nyumba ya mtumishi iwe na mlango unaofungika. Wananchi nao waache kuhesabu nani kamtembelea binti wa watu jioni. Na barua ya uhamisho isitoke kabla anayempokea kazi hajashuka botini.