Kodiani, Kutoka Taarabu hadi Jazi ya Ulaya (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye nzumari ya ngoma ya sengenya. Leo zamu ya kodiani, ala ambayo wengi wetu hapa Kwale tumeisikia katika nyimbo za taarabu za Unguja bila kujua ni nini kinacholia.

Cyrill Demian aliisajili ala yenye jina hilo mjini Vienna mwaka 1829. Ndani yake mna vilimi vyembamba vya chuma. Mpigaji akivuta au kusukuma mvukuto, upepo hupenya na kilimi hutetema. Vilimi hushikizwa kwa nta, na hapo ndipo pwani inapoitesa ala hii: iache ndani ya gari mchana kutwa kwenye jua la Diani, nta italainika na vilimi vitalegea. Chumvi ya baharini nayo huleta kutu, na kilimi chenye kutu hakishiki tena sauti yake.

Njia iliyoileta kwetu ilipitia Misri. Huko mafundi walivikwangua vilimi ili vitoe robo-sauti za maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, jambo ambalo kodiani ya kiwandani hailiwezi. Unguja, kikundi cha taarabu cha Culture Musical Club, kilichoanza mwaka 1958, kimeiweka kodiani bega kwa bega na fidla na ganuni. Mombasa ilikuwa na ladha yake: marehemu Juma Bhalo, aliyependa mahadhi ya Kihindi, aliimba na hamoniamu, nayo ni ndugu ya kodiani kwa kuwa hulia kwa upepo na vilimi vilevile. Huko bara, Wakikuyu waliifanya kodiani roho ya ngoma ya mwomboko.

Ulaya, jazi iliidharau kwa muda mrefu kama ala ya dansi za mitaani. Mpiga kodiani Mfaransa Richard Galliano, aliyezaliwa mwaka 1950, alishauriwa na Astor Piazzolla wa Argentina aufanyie muziki wa musette wa Paris kile ambacho yeye Piazzolla alikuwa ameufanyia tango. Matunda yake ni albamu New Musette ya mwaka 1991. Baada yake akaja Vincent Peirani, ambaye mwaka 2014 alitoa Belle Époque pamoja na mpiga saksafoni Émile Parisien. Msikilize kwa makini: pumzi ya mvukuto yenyewe inasikika, naye haifichi.

Siri ya pumzi hiyo iko mkono wa kushoto, unaoendesha mvukuto. Noti moja huanza kwa mnong'ono, ikapanda, ikafifia, kidole cha kulia kikiwa palepale. Mwimbaji wa taarabu hufanya hivyohivyo kwa koo lake. Vinanda vya umeme vinavyotawala harusi zetu, kwa namna vinavyopigwa, havifiki hapo. Siwalaumu wenye vikundi. Kinanda ni rahisi kubeba na hakina nta ya kuyeyuka. Lakini kwa sikio langu, taarabu imepungukiwa.

Anayetaka kujifunza ana pa kwenda: chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, Unguja, kinafundisha ala za taarabu tangu mwaka 2002. Na wewe msomaji wa Gazi, Msambweni au Vanga uliyerithi kodiani ya mzee, usiiweke juu ya kabati chini ya mabati. Itie sandukuni, mahali pakavu penye kivuli, na uipige mara kwa mara. Ikianza kukwama, mpelekee fundi kabla hujaifungua mwenyewe kwa bisibisi.