Paa la Daraja, Bamba la Auji

Adui mkubwa wa daraja la mbao ni mvua inayopenya kwenye viungo na kukaa humo. Timothy Palmer, fundi aliyejenga daraja juu ya mto Schuylkill huko Philadelphia, alilijua hilo: alikadiria kuwa likiachwa wazi lingeoza kwa miaka 10 au 12, na likiezekwa lingefika 30, pengine 40. Lilifunguliwa mwaka 1805, likaezekwa, na madaraja mengi ya Marekani yakafuata mfano huo. Mengi yameshatoweka kwa moto, mafuriko na barabara mpya, na penginepo kilichosalia ni kibao tu kando ya njia. Naona kibao hicho ni paa la pili, kwa kuwa kinalinda kumbukumbu ya kivuko baada ya mbao kwisha. Jina la mahali peke yake halifanyi kazi hiyo. Huko Unguja, mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa zamani. Jina la Darajani limebaki, lakini mnunuzi sokoni hahisi kwamba anakanyaga palipokuwa maji.

Nyalenda, mtaa wa Kisumu, haina daraja la kuezekwa. Ina mto Auji unaoteremkia kinamasi cha Dunga kando ya Ziwa Victoria, na vidaraja vya mbao ambavyo huoza au kusombwa, vikaundwa upya bila kuacha alama. Mtu atauliza: mtaa unaodai mitaro na vyoo una haja gani ya bamba la kumbukumbu kwenye vivuko vyake? Ni swali la haki. Lakini bamba lenye mstari wa kimo cha maji humsaidia fundi kujua pa kuinua msingi. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na Mei 2020 likakipita kidogo kile kilele cha 1964. Miaka 56 inatosha watu kusahau na kujenga pale pale. Wengine watasema bamba litaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Basi maandishi yachongwe kwenye jiwe, lishikwe na zege. Kisumu inajua kukumbuka: mnara wa saa wa Barabara ya Oginga Odinga ni kumbukumbu ya mfanyabiashara Kassim Lakha, aliyefariki 1910. Kivuko cha mama mboga kinastahili heshima hiyo hiyo.

Walioona maji ya 2020 bado wapo, na wanaweza kuonyesha ukutani yalifika wapi. Serikali ya Kaunti ya Kisumu iwaulize sasa, kabla kuta hizo hazijapakwa rangi.