Fahamu: Mafuta 'yasiyo na kolesteroli' na afya ya moyo

Soma kibandiko cha dumu la mafuta ya kupikia: "Haina kolesteroli." Ni kweli, ila haikuambii mengi, maana kolesteroli ya chakula hutoka kwa wanyama, si kwenye mimea. Cha kuangalia ni mafuta yenye asili ya kuganda: samli, siagi, mafuta ya nazi, hata mawese. Hayo hulipunguzia ini uwezo wa kuondoa LDL, yaani kolesteroli mbaya, kwenye damu. Jinsi ini linavyoiondoa iligunduliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani, wakatunukiwa Nobel mwaka 1985.

LDL ikizidi hupenya kwenye kuta za ateri na kujenga utando. Utando ukipasuka, damu huganda hapo, mshipa unaziba, na sehemu ya moyo inakosa oksijeni. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Kinachonisikitisha ni kwamba kabla ya hapo wengi hawasikii maumivu yoyote. Hata wembamba wanaweza kuwa na LDL nyingi, hasa walioirithi hali hiyo kwenye familia. Huonekana kwa kipimo cha damu tu. Na daktari akikuandikia statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, usiache vidonge eti kwa sababu unajisikia mzima.