Breki za Mtumba: Soma Chuma Kabla ya Kulipa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo na kufukuzwa kazi. Leo nataka tuzungumze juu ya kipande cha chuma kilichofichwa nyuma ya gurudumu la mbele. Wengi wetu hatujawahi kukitazama, lakini maisha yetu hukitegemea kila asubuhi tunapopanda gari la kwenda kazini.

Kila mwaka tarehe 1 Desemba uvuvi hufungwa upande wetu wa Ziwa Mweru, hadi mwisho wa Februari. Pikapu zinazobeba samaki kutoka Kashikishi hukosa mzigo, na baadhi yake hukodishwa kubeba watu. Mwaka mmoja katika miezi hiyo nilipanda pikapu ya namna hiyo pamoja na vibarua kumi na wanne wa shamba moja. Tulikuwa tunateremka mlima kutoka Kawambwa kuja Mbereshi. Dereva alipokanyaga breki, gari lilivuta kulia kwa nguvu, yaani upande wa magari yanayopanda. Akakanyaga tena, likavuta tena. Bahati yetu barabara ilikuwa tupu. Dereva alipunguza mwendo kwa gia mpaka gari likasimama kwenye majani. Mama mmoja aliumia mkono, akapoteza siku tisa za kazi bila malipo.

Fundi alipofungua magurudumu, sababu ilionekana. Kalipa mbili za mbele hazikuwa pacha. Ya kulia ilikuwa ya mtumba, na pistoni zake zilikuwa kubwa kuliko za kushoto. Mwenye gari aliambiwa sokoni kwamba ni kalipa ya Hilux. Hakudanganywa, ilikuwa ya Hilux. Lakini Hilux ziko za namna nyingi.

Ndugu zangu, spea za mtumba si haramu. Mpya ni ghali, na gari lisilotengenezwa halileti mkate. Ninalosema ni hili: chuma kina maandishi yake, na anayejua kuyasoma hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Breki ya diski si jambo gumu. Diski huzunguka pamoja na gurudumu. Kalipa huikumbatia kama kiganja. Ukikanyaga pedali, mafuta husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, na pedi huibana diski. Basi tazama mambo haya sita.

KWANZA, jina la gari halitoshi. Tafuta herufi na tarakimu zilizosubiwa pamoja na chuma. Katika kalipa za Hilux za zamani za kuendesha magurudumu yote manne utakuta alama kama S12+8 au S12W. Kwa macho zinafanana. Lakini yenye W ni pana, kwa ajili ya diski nene zaidi. Hata Marekani wanaofufua magari ya zamani yenye injini kubwa hukutana na jambo hilo hilo. Ford Mustang za mwaka 1965 hadi 1967 zenye breki za diski zilikuwa na kalipa za pistoni nne. Mwaka 1968 zikaja za pistoni moja kubwa. Mtu akiagiza "kalipa ya Mustang" bila kutaja mwaka, anaweza kuletewa chuma kizuri kisichomfaa. Kwa hiyo nenda sokoni na kalipa yako ya zamani mkononi, ulinganishe alama kwa alama.

PILI, jua ya kushoto na ya kulia. Kila kalipa ina skurubu ndogo ya kutolea upepo, na ikishafungwa garini skurubu hiyo lazima ikae juu. Upepo ndani ya mafuta hupanda juu kama mapovu ziwani. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, skurubu hukaa chini, upepo hubaki ndani, na pedali huwa laini kama sifongo. Ukimwona fundi anapampu mchana kutwa na pedali haikazi, mwambie atazame skurubu iko wapi.

TATU, pima unene wa diski. Diski nyingi zimeandikwa MIN TH na tarakimu, pembeni au kwenye kofia yake. Hicho ndicho kikomo. Ikiandikwa 20 mm na wewe ukapata 19, hicho ni chuma chakavu, hata kama kinang'aa. Lakini angalia mtego: diski iliyotumika huacha ukingo ambao pedi haikuugusa. Ukipima juu ya ukingo unapata unene wa zamani. Weka sarafu moja kila upande, ndani ya ukingo, pima vyote pamoja, kisha toa unene wa sarafu mbili.

NNE, igonge. Mama zetu wakinunua chungu hukigonga kwa kidole kwanza. Ining'inize diski na uigonge taratibu kwa chuma kidogo. Nzima hulia kama kengele, yenye ufa huwa na sauti nzito iliyokufa. Tazama pia madoa ya buluu, ambayo ni dalili ya moto mkali. Na ufa uliofika ukingoni usikubali kuambiwa kwamba utachomelewa.

TANO, tazama pistoni. Inua mpira wa kuzuia vumbi. Pistoni yenye vishimo vya kutu itakata mpira wa ndani, na mafuta yatavuja. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake nazo zisiwe zimekwama.

SITA, pedi za mtumba usinunue kabisa. Hujui zilinyweshwa mafuta gani. Tena pedi nyingi za miaka ya zamani zilikuwa na asibestosi, ambayo vumbi lake huua mapafu polepole. Ndugu zetu wa gereji, msipulize vumbi la breki kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Futeni kwa kitambaa kilicholowa.

Na katika yote hayo, breki hubadilishwa kwa jozi. Kushoto na kulia viwe vya namna moja na unene mmoja. Kwacha tunazookoa kwa kubadili upande mmoja ndizo zilizomvunja mama yule.

Sasa mtaniuliza: haya ni kazi ya fundi, chama kinaingiaje? Kinaingia kwa sababu anayechagua spea ya bei rahisi hakai nyuma ya pikapu. Anayekaa nyuma ni wewe. Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya mwaka 2010 hapa Zambia inataka mahali pa kazi penye watu kumi au zaidi pawe na kamati ya afya na usalama. Kamati hiyo isiwe ya kunywa chai. Iulize mambo matatu: gari linalotubeba lilikaguliwa lini? Nani aliandika spea zilizofungwa, na daftari liko wapi? Dereva akisema gari linavuta upande, nani ana amri ya kulisimamisha?

Mwajiri akijibu kwamba gari ni la kukodi, mwambieni kwamba ni yeye aliyelikodi, na waliomo ni wafanyakazi wake.

Na wewe dereva, ndugu yetu, usione haya kusema. Gari likivuta, sema siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi, na iandikwe. Ukisema peke yako utaitwa mvivu. Tukisema sote, gari litatengenezwa.

Umoja ni nguvu.