Namna ya Kuling'arisha Kombe kwa Kompyuta

Kama mjuavyo, kombe la mpira tulilolipata mwaka jana si letu daima. Muhula huu ukiisha litarudishwa ili lishindaniwe upya. Sisi wa chama cha kompyuta tuliona vema lisiondoke Kwamsisi bila kuacha sura yake. Picha ya simu tunayo, lakini tulitaka kombe liwezalo kuzungushwa na kutazamwa pande zote. Basi tukalichora kwa programu iitwayo Blender, ambayo hutolewa bure.

Umbo halikutushinda. Tulilipima kombe kwa rula, tukalichora mpaka masikio yake mawili. Rangi ndiyo iliyotuaibisha. Tulipaka manjano, tukaweka doa jeupe upande wa juu kuwa mng'ao, tukangoja. Likatoka kombe la udongo! Wadogo zetu wa kidato cha kwanza wakauliza kama ni mtungi.

Mwalimu wetu wa fizikia hakugusa kompyuta. Aliagiza kijiko kutoka bwaloni, akatuuliza kina rangi gani. Tukajibu, "Rangi ya fedha, Mwalimu." Akatuambia tutazame tena. Tuliona dirisha, ubao, mashati meupe na nyuso zetu: ndani ya kijiko zimepinduka kichwa chini, mgongoni zimesimama wima. Hapo tukafahamu kosa. Metali ing'aayo huonyesha vitu vilivyoizunguka, na kombe letu tulikuwa tumeliweka mahali patupu, halina cha kuonyesha.

Mambo yapasayo kuangaliwa ni matatu.

La kwanza ni mazingira. Kompyuta hufuata mwale kinyumenyume: huanza jichoni, hufika kwenye kombe, kisha huruka kwa kanuni tuliyojifunza darasani, kwamba pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka. Mwale ukigonga dirisha, mahali pale pa kombe hupata sura ya dirisha. Njia hii ilielezwa na Turner Whitted wa Marekani mwaka 1980. Kabla yake, mwaka 1976, James Blinn na Martin Newell walionyesha njia nyepesi zaidi: kukizungushia kitu picha ya mazingira, na kompyuta ikasoma humo. Nasi tulipiga picha za bwalo pande zote, tukalizungushia kombe.

La pili ni rangi. Plastiki ya manjano ikimulikwa na taa hutoa mng'ao mweupe, kwa kuwa mwanga huo hurudi kutoka juu juu bila kuingia ndani. Dhahabu si hivyo. Hufyonza sehemu kubwa ya mwanga wa buluu na kurudisha mwekundu na wa manjano, hata dirisha jeupe huonekana ndani yake la manjano. Kumbe doa letu jeupe ndilo lililosema uongo!

La tatu ni mikwaruzo. Sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga miaka mingi hung'aa bado, lakini huoni uso wako humo, kwani mikwaruzo midogo hutawanya miale. Programu ina kipimo cha ukwaru, toka 0 mpaka 1. Tulipoweka 0 kombe likawa kama kioo, zuri kuliko la kweli. Tukapandisha kidogo, tukaongeza mikwaruzo karibu na masikio, mahali liliposhikwa na mikono mingi siku ile ya ushindi.

Kompyuta ilifanya kazi usiku kucha. Umeme ulikatika mara mbili, tukaanza upya. Asubuhi ya tatu picha ikawa tayari. Sasa imebandikwa bwaloni. Ukilitazama tumbo la kombe kwa makini utaona madirisha yetu, na vichwa vitatu vya wapiga picha.

Enyi mtakaobaki, msitosheke na kombe la picha. Lirudisheni la kweli. Na atakaye kuchora, aanze kwa kukitazama kijiko chake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne