Moyo ukirudi kupiga, kazi ndiyo imeanza

"Daktari, moyo umerudi kupiga, mbona haamki?" Hapa Nkoaranga, swali hili huulizwa na ndugu wa mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama, akakandamizwa kifua, ukapiga tena.

Jibu liko kwenye ubongo. Moyo ukisimama, ubongo hukosa oksijeni na kuanza kuumia ndani ya dakika chache. Damu ikirudi, unaweza kuvimba. Mgonjwa huweza kulala bila fahamu siku kadhaa.

Siku hizo tunaulinda ubongo usiumie mara ya pili: oksijeni ya kutosha bila kuzidisha, presha isishuke, sukari ipimwe, degedege na homa vidhibitiwe. Zamani hospitali kubwa duniani zilipooza mwili hadi nyuzijoto 33. Mwaka 2021 utafiti wa kimataifa ulionyesha kuwa kuzuia homa isifike 37.8 hakukuwa na matokeo mabaya zaidi. Kwetu huku ni habari njema: kipimajoto na muuguzi makini vina thamani kubwa.

Ndugu mna sehemu yenu. Baridi ya Meru isiwafanye mumrundikie mablanketi. Msimnyweshe uji asiye na fahamu, utaingia mapafuni. Tuambieni alianguka saa ngapi, nani alimkandamiza kifua, na anatumia dawa gani. Msikate tamaa siku ya kwanza: hali ya ubongo haiamuliwi kabla ya saa 72 kupita na dawa za usingizi kuisha mwilini.

Kwa watoto, mara nyingi pumzi ndiyo hutangulia kukatika: nimonia kali, kupaliwa, kuzama majini. Baada ya moyo kurudi, mapafu yaendelee kutibiwa.

Akiruhusiwa, anaweza kusahausahau, kuchoka, kuogopa au kukasirika upesi. Si uvivu wala kurogwa. Ubongo unapona polepole. Mwelezeni daktari. Chanzo nacho kitafutwe, hata ikibidi kwenda KCMC Moshi au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Mwaka 2012 mchezaji Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kongo, alianguka uwanjani London. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Alipona, lakini aliacha soka kwa ushauri wa madaktari. Mgonjwa wako naye huenda akabadili kazi. Asiache dawa wala kliniki, na nyumbani angalau mmoja wenu ajifunze kukandamiza kifua.